Ng'ombe Aliyekufa Juzi Karudi Kigingini: Namna ya Kumleta Mnyama Mfu Kwenye Mchezo wa Hadithi

Swali lilitoka kwa fundi baskeli, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe. Tulikuwa barazani kwangu, Wete, Pemba, watu watano juu ya mkeka, dadu katikati, kete za bao zimepangwa juu ya karatasi ya manila kuonyesha nani kasimama wapi. Mchezo wetu ni wa hadithi: mimi nasimulia, kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Kwenye hadithi wafu walikuwa wameshaingia kijijini. Mbwa wa mlinzi wa shamba akamrukia mfu mmoja akamng'ata mguu, na fundi akauliza: "Sasa huyu mbwa si kashamla? Na yeye atageuka?"

Wote wakanigeukia. Mimi ndiye msimulizi, mimi ndiye wa kujua. Nikajibu "ndiyo" kwa kuwa lilikuwa jibu la kutisha. Hazikupita dakika mbili mwalimu wa hesabu akauliza habari ya nzi waliotua juu ya yule mfu. Mpwa wangu akauliza kunguru. Mwenye duka akauliza kuku waliodonoa damu iliyomwagika. Nikasema ndiyo, hapana, labda. Hadithi ikafa pale pale, kwa sababu kijiji ambacho hata nzi wake ni wafu hakina mtu wa kukipigania. Tukanywa uji, tukalala mapema.

Kazi yangu ya mchana ni mifugo. Nachanja mbwa, natibu ng'ombe na mbuzi wa watu vijijini, na mizoga naijua kwa karibu. Usiku wa Ijumaa nasimulia. Tangu lile swali la fundi nimewaleta wanyama wafu mkekani mara nyingi, na siku hizi swali kama lile halinibabaishi tena. Ninavyofanya ni hivi.

Kwanza neno lenyewe

Zombi ni neno lililotufikia kutoka Haiti. Huko, katika imani za vodou, zombi ni mtu aliyekufa akainuliwa na mganga wa uovu aitwaye bokor, akafanywa mtumishi asiye na utashi. Nchi ile ilijengwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya miwa, na hofu yake imetoka humo: ufe, uzikwe, na bado usipumzike na jembe. Sisi tunao msukule, na hofu ni ile ile. Mtu kazikwa, watu wamekula hitima, kumbe yuko shambani kwa mtu usiku analima.

Bibi yangu alikuwa na neno jingine, kizuu. Kizuu cha bibi kilikuwa na umbo la panya, kinatumwa na mwenyewe, kinaingia nyumba za watu usiku. Kwake yeye, kuuliza kama mnyama anaweza kuwa kitu cha namna hiyo lisingekuwa swali kabisa. Angeshangaa kusikia kwamba anaweza kuwa mtu.

Na niwaambie wenzangu wa Unguja na Pemba jambo moja mapema. Wakati wa uchaguzi wa 2015 na ule wa marudio wa 2016, mazombi ndilo jina watu walilowapa wale waliofunika nyuso wakapita mitaani wakipiga watu. Huenda aliyepigwa akakaa mkekani kwako, au mtoto wake. Mimi nikisimulia silitumii neno hilo. Nasema mfu, au kizuu.

Nani kamuinua?

Usimguse mnyama yeyote kabla hujajibu swali hili: mfu wa kwanza kabisa aliinuliwa na nini? Ukishalijibu, habari ya mbwa, kunguru na nzi inajijibu yenyewe. Mimi natumia njia tatu, na katika hadithi moja natumia moja tu kati ya hizo.

Njia ya kwanza ni mkono wa mtu. Yupo mwenyewe, upo uganga, ipo haja. Mnyama anainuka kwa kuwa mtu anamtaka: ng'ombe avute gari, punda abebe mawe, mbwa alinde ua. Hakuna atakayehangaika usiku kucha kumuinua nzi. Na kung'ata hakuambukizi kitu; mbwa akimuuma mfu wa namna hii kala nyama mbovu, ataharisha, basi. Njia hii ndiyo iliyo karibu na Haiti na karibu na msukule, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ukimwona mnyama tu, unajua kuna nyumba mahali fulani ya kwenda kupiga hodi.

Njia ya pili ni maradhi. Hii imeletwa zaidi na filamu na michezo ya kompyuta. Filamu ya George Romero ya 1968, ile iliyowafanya wafu kuwa makundi ya kula watu, iliinua binadamu peke yao. Mchezo wa Resident Evil wa 1996 ukaja na virusi vya maabara na mbwa wanaopasua madirisha ya ukumbi na kumrukia mchezaji. Halafu ipo filamu ya Korea Kusini, Train to Busan, ya 2016. Inaanza na paa aliyegongwa na gari barabarani. Gari linaondoka, paa kalala, kisha anajipindapinda na kusimama, macho meupe. Hujaona bado mtu hata mmoja aliyegeuka, lakini ushajua. Mimi hilo nimelichukua kama lilivyo: kwenye hadithi ya maradhi, mnyama ndiye anayetangulia, mtu anafuata.

Maradhi yanataka mipaka, na mipaka mimi naichukua kazini kwangu, kwenye kichaa cha mbwa. Kirusi kinaingia kwa mate kupitia jeraha, kinapanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni, wiki kadhaa au hata miezi, kisha kinashuka kwenye tezi za mate, na hapo mnyama anakuwa mkali na kuuma. Kinawashika wanyama wanaonyonyesha, mtu akiwamo. Samaki na kenge hakiwahusu. Basi na wewe amua mambo matatu kabla ya siku ya mchezo: maradhi yanamshika nani, yanaingia kwa njia gani, yanachukua muda gani. Yangu yanashika wanaonyonyesha tu, yanaingia kwa mate ya mfu ndani ya jeraha, na yanachukua kutwa moja, toka alfajiri hadi magharibi. Sasa rudi kwa yule mbwa wa mlinzi. Yeye ndiye aliyeng'ata, mate yake yameingia kwa mfu, ya mfu hayakuingia kwake. Hageuki, isipokuwa awe na kidonda mdomoni. Na hilo la kidonda ukilisema kwa sauti, utaona watu wote wanataka kumfungua mbwa mdomo wamtazame.

(Nje ya mchezo kabisa: ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Usingoje kuona dalili. Dalili zikishatoka, karibu kila mtu hufa.)

Ukitaka kumleta mdudu, usimlete kwa kichaa cha mbwa. Wadudu wana balaa lao wenyewe na ni la kweli. Kuna kuvu wa misitu ya joto anayeingia mwilini mwa sisimizi wa miti, akamtoa kwenye njia ya wenzake, akampandisha juu ya mmea, akamfanya aume mshipa wa jani kwa meno na asiachie tena. Sisimizi anafia pale, na baadaye kikonyo kinachomoza nyuma ya kichwa chake, kinamwaga mbegu chini wanakopita wenziwe. Na kuna nyigu wa kijani kinachometa anayemchoma mende mwiba mara mbili, kwanza kifuani, kisha kichwani. Mende hafi. Anaweza kutembea, ila hana tena haja ya kutembea. Nyigu anamkata ncha za vipapasio, anamshika kwa kile kilichobaki na kumkokota hadi kwenye shimo, kama mtu anavyomkokota mbuzi wa Idi, anatagia yai mguuni mwake na kumfukia humo akiwa hai. Niliisimulia habari hiyo bila kuongeza neno, nikaipa ukubwa tu: nyigu kama ng'ombe, na aliyekokotwa alikuwa ng'ombe. Mwalimu wa hesabu akaomba tupumzike kidogo.

Njia ya tatu ni ardhi. Pana mahali, na kila kilichozikwa pale kinarudi. Riwaya ya Stephen King ya 1983, Pet Sematary, ina paka wa nyumbani wa namna hiyo: anarudi ananuka, na ndege na panya anaowakamata anawachanachana. Hapa huulizi mnyama gani, unauliza mahali pana ukubwa gani. Pafanye padogo. Pangu pamekuwa kisima kilichofukiwa, mara moja shamba la mikarafuu la marehemu fulani. Pakizidi kiwanja cha mpira, umerudi kwenye nzi milioni.

Vitabu vinasema nini

Wengi tunatumia kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa hadithi wa namna hii uliotoka Marekani mwaka 1974. Katika toleo la tano la 2014, uganga wa kuinua wafu unataka mifupa au maiti ya kiumbe mwenye umbo la mtu, wa kimo cha wastani au kidogo. Mbuzi hakuhusika. Lakini katika toleo la 3.5 la 2003, zombi alikuwa kama nguo: unamvisha kiumbe yeyote mwenye mwili na mifupa, iwe fisi au nyoka mkubwa. Na hilo hilo toleo la tano, kwenye kitabu chake cha viumbe, lina farasi wa vita aliyebaki mifupa mitupu na bado anapigana.

Mwalimu wa hesabu hupenda kunishika hapo. "Daktari, kitabu kinasema mtu tu." Jibu langu ni kwamba kitabu kinamfunga mchezaji. Mchezaji akijifunza ule uganga hawezi kuinua kundi la ng'ombe, na ni vizuri asiweze, maana angelala na jeshi. Dunia ya hadithi haikufungwa. Bokor wako anaweza kuwa anajua kitu ambacho mchezaji hajui, na kukitafuta kitu hicho kunaweza kuwachukua wachezaji mwezi mzima.

Hesabu yake si ngumu. Mfu wa kawaida wa kitabu hicho cha 2014 ana uhai 22 (madhara yakifika hapo, anaanguka), ulinzi 8 (namba ambayo anayempiga lazima aifikie kwa dadu), na mwendo futi 20 kwa zamu, wakati mtu mzima anakwenda futi 30. Mimi namchukua mnyama akiwa hai, nampunguzia thuluthi ya mwendo, namuongezea nusu ya uhai, napunguza ulinzi kwa mbili, na namtoa woga wote. Paka na kunguru siwapunguzii mwendo. Paka mzito si paka tena, na wachezaji watamcheka.

Kanuni moja usiiache, nayo ni ule ukaidi wa mfu. Nitakuonyesha kwa fahali. Uhai wake umebaki 6. Fundi kampiga shoka la shingo, madhara 9. Angekuwa hai, kafa. Kwa kuwa ni mfu, narusha dadu ya pande 20, naongeza 3 za ugumu wa mwili wake, na jumla lazima ifike 5 pamoja na yale madhara, yaani 14. Nikapata 12, na 3 ni 15. Anabaki na uhai 1, na yuko juu. Hainuki tu kama dadu ya aliyempiga ilionyesha 20 kamili, au kama alichopigwa nacho ni nuru ya kiungu.

Sasa usiwaambie wachezaji "kapona, uhai moja". Waambie: goti la mbele limekunjika, pua imegota chini, kimya. Kisha matako yanapanda kwanza. Ng'ombe akiinuka huanza na miguu ya nyuma, farasi na punda huanza na ya mbele. Aliyekulia kijijini anajua hata kama hajawahi kulisema. Nilipowaonyesha kwa mikono yangu namna matako yanavyopanda na kichwa bado kiko chini, mwenye duka alisogea nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Panya, kunguru: usirushe dadu kwa kila mmoja. Kundi zima lihesabu kuwa mwili mmoja wenye uhai wake.

Mzoga una saa yake

Wasimulizi wengi wakitaka kueleza mfu wanasema "ananuka, ana funza", wakaishia hapo. Mzoga unaeleza mengi kuliko hayo, na mchezaji mwenye masikio anaweza kusoma humo mnyama kafa lini, yaani kaanza kutumika lini.

Kwa joto letu, ng'ombe aliyekufa asubuhi, jioni tayari kakakamaa, miguu imenyooka kama ya meza. Ukakamavu unaanza kuachia siku ya pili. Tumbo ndilo linalotangulia kuliko vyote. Tumbo kubwa la ng'ombe liko kushoto, na yale majani ndani yake yanaendelea kuchachuka ingawa mwenyewe kafa, basi ubavu wa kushoto unatuna na kukaza kama ngoma. Jicho linaingia ukungu. Nzi wanataga penye unyevu: pembe za macho, puani, mdomoni.

Kwa hiyo fahali aliyeinuka siku ya kwanza anatembea bila kukunja magoti. Wa siku ya pili au ya tatu anakunja, lakini ameinamia upande kwa ule uzito wa kushoto. Na mtu akimchoma mkuki ubavu ule, usiseme chochote. Toa pumzi kwa meno, ndefu, polepole, mpaka iishe. Harufu wataiweka wenyewe.

Mwachie tabia moja

Hapa ndipo nilipokosea zaidi miaka ya mwanzo. Nilikuwa nawapa wanyama wafu hasira. Wote wanarukia, wote wanang'ata, mbwa na punda na mbuzi hawana tofauti ila idadi ya meno. Siku hizi siwapi hasira wala akili. Ninampa kila mmoja tabia moja aliyokuwa nayo akiwa hai, moja tu, na anaifanya bila kuacha. Kuku anarudi bandani ikifika magharibi, ingawa banda lilishavunjwa. Punda anakwenda kisimani na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka kwato zimeisha. Paka anakuja kukaa karibu na magoti ya anayeparua samaki. Hamgusi. Anakaa tu.

Fahali ninayemtaja tangu mwanzo alikuwa ng'ombe wa mchezo. Kwa asiyeujua: huku Pemba tuna mchezo wa ng'ombe, Kengeja na vijiji vingine, mchezo wa zamani ambao watu wanauhusisha na Wareno. Fahali anafungwa kamba, vijana wanamchezea kwa kitambaa, anawakimbiza, wanaruka, wanawake wanaimba, ngoma inapigwa. Hauawi. Jioni anarudi kwa mwenyewe.

Kwenye hadithi yangu fahali mmoja hodari kafa kwa kuvimba tumbo na kazikwa chini ya mwembe. Usiku wa tatu wachezaji wanavuka kiwanja cha mchezo kwenda kwingine kabisa. Nikawaambia: kigingi kipo pale pale, na fahali kasimama pembeni yake. Kamba shingoni. Udongo masikioni. Hawatazami.

Mpwa wangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, anafanya nini?"

"Anasubiri ngoma."

Sikuongeza kitu. Hawakuwa wamefundishwa na mchezo wowote nini cha kufanya na mfu asiyekushambulia. Walijadiliana karibu saa nzima, na ile saa ndiyo bora niliyowahi kuiona barazani kwangu. Fundi alitaka wapite kimya. Mwalimu alitaka kuikagua kamba, nani kaifunga, maana fahali aliyezikwa hajifungi mwenyewe. Hoja nzuri mno, na mimi jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nilishaamua mapema: ni mkono wa mtu. Mwenye duka, akiwa ameloa jasho, akasema mhusika wake anatoa kitambaa mfukoni ajifute uso.

"Cheupe?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Cheupe."

Basi fahali akainamisha kichwa.

Uliza kabla

Wiki moja niliwaletea mbuzi mfu, mbuzi mdogo mwenye kengele, na kengele niliipiga kweli, nimeificha chini ya shuka. Mpwa wangu akasimama akaingia ndani. Mbuzi wake aliyemlea kwa chupa alikuwa amekufa Jumanne ile, na mimi ndiye niliyekwenda kumtazama nikashindwa kumwokoa. Nilijua, na bado sikukumbuka, kwa kuwa kwangu mbuzi kufa ni kazi. Nilimfuata ndani, nikamwomba radhi, na mchezo tukauacha usiku ule.

Siku hizi naanza kwa kuuliza: kuna mnyama ambaye nisimlete? Sitaki sababu, nataka jina tu. Hakuna aliyewahi kulitumia vibaya.

Na sisi ni Waislamu. Kufisha na kuhuisha ni kwa Mungu, na sote mkekani tunalijua hilo. Kwa hiyo kwangu aya hazisomwi kama silaha ya mchezo, na mhusika haombi dua ili apate pointi. Ile nuru ya kiungu ya kitabu tunaiita nuru, inatoka kwenye taa ya hadithi, inatosha.

Wanyama wa kwetu

Chui wa Unguja anafaa kuliko simba yeyote wa vitabuni. Wazee walisimulia chui wa kufugwa, mwenye mwenyewe, anayetumwa kwa jirani. Ukimleta, wachezaji watamfuata chui msituni, na wewe waache wachoke kwanza, kisha waonyeshe kwamba nyayo zinaishia mlangoni kwa mtu. Ila kijiji kipe jina la kubuni, na mwenyewe asifanane na mtu mnayemjua. Watu walishutumiana kweli kwa habari hizo, na chui wenyewe waliwindwa hadi wakaadimika.

Popo siwagusi. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, lile jini lililosemwa kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilipoingia, nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tulilala nje, nyumba kadhaa pamoja, moto umewashwa, wazee wamekaa macho kutuzunguka. Hofu ile niliiona kwenye uso wa baba yangu na sitaki kuifanyia mchezo. Halafu popo wa Pemba, yule mkubwa, hapatikani popote duniani ila kisiwani kwetu. Aliwindwa karibu aishe, na yuko hai leo kwa kuwa watu wa vijiji kama Kidike walimlinda. Hakuna haja ya kumuongezea jina baya.

Pweza ni mgumu, kwa sababu mkono wake ukikatwa unaendelea kujipinda hata akiwa pweza wa kawaida kabisa wa sokoni. Mchezaji hatajua tofauti. Lakini ukitaka usiku wa wasiwasi bila kupigana, hiyo hiyo ndiyo faida yake.

Na usisahau nyama. Sisi mnyama asiyechinjwa ni kibudu, haliwi. Je, fahali aliyekufa, akainuka, kisha akachinjwa kwa kisu na bismillahi, nyama yake ni nini? Ni kibudu, alishakufa kabla ya kisu, na wote watano walikubaliana mara moja. Lakini nilipowaambia kwamba mchinjaji wa kijiji cha hadithi amekuwa akiuza nyama rahisi tangu Jumatatu, na kwamba wahusika wao walikula mishikaki pale Jumanne, hakuna aliyetaka tena kuzungumza habari ya shoka. Walitaka kumjua anayemletea yule mchinjaji ng'ombe. Hiyo ilikuwa hadithi ya wiki sita.

Walimpata, ni mrithi aliyedhulumiwa shamba na akataka ng'ombe wa kulima bila kuwalisha. Alipoacha uganga wake, ng'ombe wote walianguka pale walipokuwa, isipokuwa yule fahali wa kiwanjani, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba kinachomshika yeye ni kusubiri.

Walirudi kwake usiku. Fundi akashika shoka lake. Mpwa wangu akasema mhusika wake anaweka silaha chini na kuanza kupiga ngoma ya mchezo juu ya debe, na akaipiga kweli, kwa vidole, juu ya kifuniko cha bao. Mwenye duka akatoa kile kitambaa. Walimchezea fahali zamu nne, wakiruka, wakikimbia, nikirusha dadu kila mara, na mwalimu akapoteza uhai 7 ubavuni. Kisha mpwa wangu akasimamisha vidole.

"Jioni imeingia," akasema. "Namfungua kamba. Namrudisha kwa mwenyewe."

Akaniangalia, mkono umeshafika kwenye dadu. Nikamwambia aiache. Fahali alimfuata hadi chini ya mwembe, akakunja miguu ya mbele kwanza, kama ng'ombe anavyolala.